Sura ya Sita: Damu ya Mrina Asali

Mrina asali wa Kibondo anapoingia msitu wa miyombo upande wa Moyowosi, mbung'o humpokea kabla nyuki hawajamwona. Humfuata tangu njia ya magari inapoishia. Hutua mgongoni, hutoboa shati, hunyonya na kuondoka, na mwingine hushika zamu. Atakaporudi kijijini baada ya wiki moja au mbili na madumu yake ya asali, atakuwa ameumwa mara nyingi kuliko awezavyo kuhesabu. Atakuwa na vivimbe na atakuwa amewachoka wadudu hao, lakini kwa kawaida hatakuwa mgonjwa.

Ng'ombe akipitishwa katika msitu uleule, akaumwa na mbung'o walewale, mambo huwa mengine. Atakonda huku majani yapo. Manyoya yatasimama, macho yatatoa machozi, akiwa na mimba ataitoa, na asipotibiwa ataanguka. Huo ndio ugonjwa wa nagana, na wafugaji wa Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, wenye ng'ombe wale wa pembe ndefu, wanajua tangu zamani mahali pa kupitisha mifugo na mahali pa kuepuka.

Kwa nini mdudu mmoja amuue ng'ombe na amwache mtu? Swali hilo lina ndugu yake mchungu zaidi. Mara chache mrina asali huyohuyo, au mwindaji, au mama aliyekwenda kutafuta kuni, hurudi na homa isiyosikia dawa ya malaria. Kichwa kinamuuma, tezi zinavimba, usiku hapati usingizi na mchana anasinzia akiwa ameshika kijiko. Baadaye maneno yanamchanganya, anabadilika tabia, na asipopata tiba anaweza kufa ndani ya miezi michache. Ni malale. Wilaya za Kibondo na Kasulu zimetajwa kwa miongo mingi miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye ugonjwa huo.

Majibu ya maswali haya mawili yaligeuka kuwa jibu moja lenye pande mbili, na aliyelifikia aliishi mbali kabisa na miyombo. Étienne Pays, mtaalamu wa baiolojia ya molekuli wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels nchini Ubelgiji, alianza maisha yake ya utafiti kwa kuchunguza koti la kimelea. Alipofika mwisho wa njia hiyo alikuwa amegusa jeni ya binadamu ambayo leo inazungumzwa katika kliniki za figo za Marekani, Ghana na Nigeria. Sura hii inafuata safari hiyo, kwa sababu Buha imo ndani yake tangu mwanzo, hata pale ambapo jina lake halikuandikwa.

*

Kimelea chenyewe huitwa tripanosoma. Ni kiumbe cha seli moja, chembamba, chenye utando pembeni unaokifanya kipige mawimbi kama samaki kinapoogelea katikati ya chembe nyekundu za damu. Mojawapo ya aina zinazoleta nagana na kumwacha mtu ni Trypanosoma brucei brucei. Zipo jamaa zake mbili zinazoweza kuishi katika damu ya mtu: gambiense, iliyoenea magharibi na katikati ya Afrika na ambayo huchukua miaka kuua, na rhodesiense ya mashariki na kusini, ambayo ina haraka. Uganda ndiyo nchi pekee yenye zote mbili. Ya Kibondo na Kasulu ni rhodesiense. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1910 na Stephens na Fantham huko Liverpool, kutokana na mgonjwa aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, Zambia ya leo.

Ukiziweka brucei na rhodesiense chini ya darubini huwezi kuzitofautisha. Umbo ni lile, mwendo ni ule. Tofauti ni kwamba moja inakufa katika damu ya mtu na nyingine haifi.

Mfaransa Alphonse Laveran, yule aliyegundua kimelea cha malaria, aliliona jambo hili mapema, mwaka 1902. Aliwachoma panya wenye tripanosoma seramu ya binadamu, yaani yale maji ya manjano hafifu yanayobaki damu ikiganda, na vimelea vikatoweka. Seramu ya wanyama wengine wengi haikufanya hivyo. Kulikuwa na kitu ndani ya mtu kinachoua tripanosoma, na kitu hicho hakikutambuliwa kwa uhakika kwa miaka 101.

Katika miaka hiyo yote watu wa nyanda za juu za Kigoma waliishi na matokeo yake bila maelezo yake. Malale ya rhodesiense yaliposhika nchi ya Buha, serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliamua katika miaka ya 1930 kuzihamisha kaya zilizotawanyika porini na kuzikusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa miti. Hoja ilikuwa rahisi: mbung'o wa miyombo hawezi kuishi bila kivuli na wanyama. Lakini mashamba na migomba iliyoachwa nyuma ilirudi kuwa pori, wanyama wakarudi, na mbung'o wakawafuata. John Ford, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi Afrika Mashariki, aliandika kitabu kikubwa mwaka 1971 akieleza kwamba wenyeji walikuwa na namna yao ya kuishi na mbung'o, kwa kulima, kuchoma na kufuga kwa mpangilio, na kwamba ni misukosuko ya kuingia kwa ukoloni iliyoivunja. Mwaka mmoja baadaye, 1972, Waha walihamishwa tena, safari hii kwa Operesheni Kigoma ya vijiji vya ujamaa, kwa sababu nyingine kabisa. Kuna familia ambazo babu alihamishwa kwa ajili ya mbung'o na mwana akahamishwa kwa ajili ya kijiji.

Tanganyika ilikuwa pia mahali pa jaribio refu kuhusu swali la Laveran. Tinde, kusini mwa Shinyanga, palikuwa na maabara ya malale. Mwaka 1934 watafiti walichukua tripanosoma rhodesiense kutoka kwa mgonjwa, wakaiingiza kwa kondoo kupitia mbung'o, kisha kondoo mwingine, kisha mwingine, na mara kwa mara wakawaachia mbung'o hao wawaume watu waliojitolea, Waafrika wengi wao, ili kuona kama kimelea bado kinaweza kumwambukiza binadamu. Waliotaka kujua walidhani kwamba kikikaa kwa wanyama muda mrefu kingesahau namna ya kuishi ndani ya mtu. Ripoti ya mwaka 1955, iliyoandikwa na Willett na Fairbairn, ilijumlisha miaka 18 ya kazi hiyo: hakikusahau. Kwa kipimo cha leo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu jaribio kama lile, na waliotoa miili yao hawatajwi pale majina ya wanasayansi yanapotajwa. Jaribio hilo lilikuwa limeonyesha jambo zito. Uwezo wa kuihimili damu ya mtu haukuwa mazoea ya kupita. Ulikuwa umeandikwa mahali fulani ndani ya kimelea.

Mwaka 1970 Rickman na Robson wakatafuta njia isiyohitaji mtu wa kuumwa. Walichanganya tripanosoma na damu ya binadamu kwenye chupa, kisha wakamchoma panya mchanganyiko huo. Panya akiugua, kimelea ni cha hatari kwa watu. Kilikuwa kipimo kizuri kwa wakati wake, ingawa kilisema ndiyo au hapana tu. Sababu hakikuigusa.

*

Pays aliingia kwa mlango mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mbinu za kukata na kunakili DNA zilipoanza kuenea katika maabara, kitendawili kikubwa cha tripanosoma kilikuwa koti lake. Kila kimelea kimefunikwa na molekuli za protini kama milioni 10, zote za aina moja, zilizopangana kwa msongamano. Mwili wa mgonjwa huitambua protini hiyo, hutengeneza kingamwili, na karibu vimelea vyote hufa. Vichache huwa tayari vimebadili koti, na hivyo ndivyo huanzisha wimbi jipya la homa. Mwili hujifunza tena, navyo hubadili tena. Ndiyo maana hadi leo malale hayana chanjo.

Kimelea kinatoa wapi makoti mengi hivyo? Kina jeni za makoti zaidi ya elfu moja katika kromosomu zake, lakini kwa wakati mmoja husoma moja tu, iliyowekwa katika sehemu maalumu karibu na ncha ya kromosomu. Sehemu za namna hiyo zipo kama kumi na tano na moja tu ndiyo huwa wazi. Mwaka 1983 Pays na wenzake walichapisha katika jarida la Cell ushahidi kwamba tripanosoma hubadili koti kwa kunakili jeni kutoka ghalani na kuibandika mahali pa kusomea, nakala ya zamani ikafutika. Ni kama mtu mwenye meza moja na vitabu elfu: anachofungua mezani ndicho kinachosikika. Kazi hiyo ilimpa jina. Mwaka 1996 alipewa Tuzo ya Francqui, ambayo kwa Wabelgiji ndiyo heshima ya juu ya sayansi.

Hakuna ajabu kwamba utafiti huu ulishamiri Ubelgiji. Malale yaliangamiza watu wengi nchini Kongo chini ya utawala wa Wabelgiji, na taasisi zao za tiba ya nchi za joto zilizaliwa na maafa hayo. Kigoma yenyewe ilikuwa mikononi mwa jeshi la Ubelgiji baada ya mwaka 1916, kabla Waingereza hawajakabidhiwa. Maarifa ya Ulaya kuhusu damu ya Afrika yana historia hiyo ndani yake, na msomaji wa Kasulu ana haki ya kuijua anapoyapokea.

Koti ndilo lililomwongoza Pays kwenye swali la Laveran. Kundi jingine la watafiti wa Brussels lilikuwa limegundua mwishoni mwa miaka ya 1980 jeni moja ambayo rhodesiense huisoma pale tu inapohimili seramu ya binadamu. Waliipa jina SRA. Mwaka 1998 maabara ya Pays, katika makala ambayo mtafiti wa kwanza ni Xong, ilionyesha mambo mawili. Jeni hiyo imekaa katika mojawapo ya zile sehemu za kusomea makoti. Na ukiichukua ukaiingiza katika brucei ya kawaida, ile inayokufa kwa damu ya mtu, inaacha kufa. Jeni moja tu. Kimelea cha ng'ombe kinageuka kuwa na uwezo wa kuishi ndani ya mchungaji.

Hapo ndipo wazo zuri kuliko yote katika maisha yake ya kazi lilipojitokeza. Kama SRA ni ngao, basi lazima inashikana na upanga. Badala ya kuusaka upanga ndani ya seramu yenye maelfu ya protini, kwa nini ngao isitumiwe kuwa ndoano? Wakaitundika protini ya SRA, wakapitisha seramu ya binadamu juu yake, wakaangalia kilichonasa. Mwaka 2003 Luc Vanhamme, Pays na wenzao walitangaza jibu katika jarida la Nature. Kilichonasa kilikuwa apolipoprotini L1, kwa kifupi APOL1, protini ya asidi amino 398 inayosafiri ndani ya chembe za mafuta ya damu, zilezile ambazo madaktari huziita kolesteroli nzuri. Seramu iliyoondolewa APOL1 haikuua tripanosoma. Ikirudishiwa, iliua.

Namna inavyoua ni ya kushangaza. Tripanosoma inahitaji hemu, ile sehemu ya hemoglobini yenye madini ya chuma, hivyo ina mdomo maalumu wa kumeza mabaki ya hemoglobini. Chembe ya mafuta iliyobeba APOL1 imebeba pia protini inayofanana na chakula hicho. Kimelea kinaimeza kwa hiari yake. Ikifika katika kijifuko chenye asidi ambamo kimelea husagia chakula, APOL1 hujipenyeza kwenye ukuta wake na kutoboa vitundu. Chumvi na maji huingia, kijifuko huvimba, na kimelea hufa. Brucei haina kinga. Rhodesiense humtuma SRA akakutane na APOL1 humohumo, amshike mkia, asiweze kufanya kazi.

Mkia. Neno hili litarudi.

*

Ushahidi kwamba APOL1 ndiyo kweli humlinda mtu ulitoka India, kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 2004 mkulima mmoja wa jimbo la Maharashtra alikutwa na tripanosoma ya ngamia na farasi, aina ambayo kwa kawaida haimgusi binadamu. Maabara ya Pays ilipochunguza damu yake iliona kwamba nakala zake zote mbili za jeni ya APOL1 zimeharibika: hakuwa na protini hiyo hata kidogo. Alitibiwa akapona. Taarifa ilichapishwa mwaka 2006. Mtu mmoja tu, lakini alithibitisha kilichokuwa kikitokea kwa mamilioni ambao hawakuwahi kuugua.

Huku Afrika Mashariki, SRA ilifanya kazi ya haraka zaidi. Kwa kuwa jeni hiyo iko kwa rhodesiense peke yake, kipimo cha DNA kinaweza sasa kusema kama tripanosoma iliyo ndani ya ng'ombe ni hatari kwa watu, bila panya na bila mtu wa kujitolea. Sue Welburn na wenzake walikitumia Soroti, Uganda, ambako malale yalikuwa yamezuka mahali yasipokuwepo. Mwaka 2001 waliripoti kwamba hadi asilimia 18 ya ng'ombe waliopimwa walikuwa wamebeba aina ya kuua watu, nao ng'ombe wenyewe hawaonyeshi. Mlipuko ulifuatiliwa hadi kwenye mnada wa mifugo wa Brookes Corner, ulioleta ng'ombe kutoka maeneo ya malale. Tangu hapo mapambano Uganda yamekuwa pia ya kuwatibu ng'ombe na kuwapulizia dawa. Kwa Kibondo na Kasulu, ambako wanyamapori wa Moyowosi, mifugo na watu hukutana kwenye maji yaleyale, na ambako kambi za wakimbizi kama Nyarugusu zimewaleta maelfu ya watu wanaotafuta kuni pembezoni mwa msitu, somo hilo lina uzito wa pekee.

Mkoa wa Kigoma una mfano mwingine, uko Gombe. Sokwe hawana APOL1. Jeni yao ilipotea. Nyani wanayo, tena kali. Nyani wakiingizwa rhodesiense hawaugui. Mwaka 2009 Jayne Raper na wenzake wa New York walieleza sababu: mkia wa APOL1 ya nyani una tofauti ndogo ya asidi amino zinazoifanya SRA ishindwe kuushika. Katika msitu mmoja kando ya Ziwa Tanganyika wanaishi basi mnyama asiye na upanga, mnyama mwenye upanga usioshikika, na mtalii au mtafiti mwenye upanga ambao kimelea kimejifunza kuushika.

Nairobi wazo hilo lilipelekwa kwenye zizi. Katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ndama wa Boran aliyezalishwa kwa kunakili seli alizaliwa mwaka 2012 na kuitwa Tumaini. Jeni ya nyani hakuwa nayo. Alikuwa hatua ya kwanza ya mpango wa kupata ng'ombe atakayekuwa nayo, ambaye damu yake ingeua vimelea vya nagana na vya malale pamoja.

*

Mpaka hapa Pays alikuwa mtu wa vimelea. Mwaka 2010 kazi yake ilivuka na kuingia katika jenetiki ya binadamu, tena kwa kishindo.

Madaktari wa Marekani walikuwa wakijua kwa miaka mingi kwamba Wamarekani weusi hupata ugonjwa wa kushindwa kwa figo mara nyingi zaidi kuliko weupe. Wengi walilaumu shinikizo la damu, umaskini, chakula. Hayo yote yamo. Lakini mwaka 2008 uchunguzi wa DNA ulionyesha kidole kwenye eneo moja la kromosomu ya 22, na kwa muda lawama ikaangukia jeni iitwayo MYH9. Ilikuwa jirani asiye na hatia. Mwaka 2010 Giulio Genovese, David Friedman, Martin Pollak wa Boston na wenzao, Pays akiwa miongoni mwao, walichapisha katika jarida la Science kwamba mhusika ni APOL1. Aina mbili za jeni hiyo, zilizopewa majina G1 na G2, ndizo zinazoongeza hatari. Mwenye nakala mbili za hatari alikuwa na uwezekano wa kama mara kumi wa kupata aina moja ya kovu la vichujio vya figo. Wamarekani weusi kama 13 kati ya 100 wana nakala mbili hizo.

Tofauti zenyewe ziko mkiani. G2 imekosa asidi amino mbili kati ya zile 398, karibu na mwisho kabisa. G1 ina mbili zilizobadilishwa. Na maabara ya Brussels ilipojaribu seramu ya wenye G2 dhidi ya rhodesiense, kimelea kilikufa: SRA haikuweza tena kuushika mkia. Kile nyani walichokuwa nacho, binadamu kadhaa wa Afrika walikuwa wamekipata kwa njia yao.

Maana yake ni nzito. Watu walioishi na mbung'o kwa maelfu ya miaka walibahatika mabadiliko haya, waliokuwa nayo wakaishi na kuzaa zaidi, na jeni ikaenea. Nakala moja ya G2 inatosha kukinga dhidi ya rhodesiense. Nakala mbili zinaweza kumdhuru mtu figo miaka mingi baadaye, akiwa ameshalea watoto, au akipata maambukizi kama ya VVU. Ni jamaa wa habari ya siko seli na malaria, ambayo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliieleza mwaka 1954 baada ya kupima damu Afrika Mashariki. Siko seli haijulikani kuwa na manufaa mahali pasipo na malaria, nayo APOL1 ilisafirishwa ndani ya miili ya watumwa hadi Marekani ambako hakuna mbung'o, ikabaki na gharama bila faida.

Kama jeni hizi kweli zinalinda msituni na si kwenye chupa tu, lilikuwa swali la Waafrika kujibu, na walilijibu. Mtandao wa TrypanoGEN, ulioongozwa na Enock Matovu wa Chuo Kikuu cha Makerere, uliwaunganisha watafiti wa nchi za malale. Mwaka 2017 utafiti uliotumia damu kutoka Uganda na Guinea ulionyesha kwamba mwenye G2 Uganda alikuwa na uwezekano wa kama mara tano pungufu wa kupata rhodesiense. Guinea, kwenye gambiense, G1 iliwasaidia watu kubeba kimelea bila kuugua, na G2 ilielekea kufanya kinyume. Mwaka 2019 Malawi ikathibitisha ulinzi wa G2. Jeni ileile inafanya mema upande mmoja wa bara na mabaya upande wa pili, kutegemea ni jamaa gani wa tripanosoma aliyeko.

Ndiyo maana kuzungumza juu ya “jeni ya Waafrika”, kama baadhi ya magazeti ya Ulaya na Marekani yanavyofanya, ni kosa. G1 imeshika sana Afrika Magharibi. Kwa Wayoruba ni ya kawaida kabisa. Ethiopia G1 na G2 hazipo, au ni nadra mno. Buha iko kati ya dunia hizo, kwenye nchi ya rhodesiense, ikiwa na watu waliopita na kuchanganyika kutoka Burundi, Kongo na Unyamwezi. Hapa ndipo mahali ambapo swali la nani ana G2, na inamgharimu nini katika figo, lina maana kwa kaya halisi. Mganga wa wilaya anayempokea kijana mwenye figo zilizochoka bila kisukari na bila shinikizo la damu anastahili kulijua jibu.

Upande wa figo kazi inakwenda mbio. Mwaka 2023 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio dogo la dawa iitwayo inaxaplin, inayozuia vitundu vya APOL1. Kwa wagonjwa wenye nakala mbili za hatari, protini inayovuja kwenye mkojo ilipungua kwa karibu nusu ndani ya wiki 13. Mwaka 2024 jarida hilohilo lilitoa utafiti mkubwa wa Ghana na Nigeria, uliofanywa na mtandao wa figo wa Kiafrika, ulioonyesha kwamba karibu mmoja kati ya watatu waliopimwa ana nakala mbili, na kwamba hata nakala moja inaongeza hatari kidogo. Madaktari walikuwa wamedhani nakala moja haina tatizo.

Dawa ile inafaa kufikiriwa kwa makini hapa kwetu. Inafunga vitundu vilevile vinavyomuua tripanosoma. Kwa mtu wa Chicago hilo halina neno. Kwa mtu anayerina asali Moyowosi, ni swali ambalo inabidi liulizwe kabla ya kidonge cha kwanza.

*

Malale yenyewe yamepungua sana. Wagonjwa wa rhodesiense walioripotiwa duniani kote mwaka 2022 hawakufika 100. Hilo ni jambo la kushukuru, nalo lina hatari yake: fundi wa maabara ambaye hajawahi kuona tripanosoma anaweza kuipita kwenye kioo akitafuta malaria, na mgonjwa akarudishwa nyumbani mara tatu kabla mtu hajafikiria kuuliza kama alikuwa msituni.

Kwa miongo mingi aliyefikia hatua ya pili, kimelea kikiwa kimeingia kwenye ubongo, alichomwa melarsoprol, dawa ya miaka ya 1940 iliyotengenezwa kwa aseniki. Ilichoma mshipa kama moto, na yenyewe iliua kama mgonjwa mmoja kati ya 20. Wahudumu waliijua, wagonjwa waliijua, na bado waliipangia foleni kwa sababu hapakuwa na nyingine.

Sasa ipo. Fexinidazole, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa rhodesiense huko Rumphi nchini Malawi na Lwala nchini Uganda, iliingizwa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2024. Ni vidonge. Humezwa kwa siku 10, chini ya uangalizi wa mhudumu, tena baada ya mgonjwa kula akashiba, kwa sababu bila chakula tumboni dawa hiyo haiingii vizuri katika damu.